Vidonge vya Fundi Vitanda

Kwetu Mwazye kuwahi ni sifa. Mtoto anayewahi kuamka husifiwa, mwanamke anayewahi kupalilia husifiwa, na mkwe anayewahi kumaliza kipande chake cha shamba hupewa pombe kabla ya wenzake. Mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu wa darasa la kwanza, nimeliandika neno hilo ubaoni mara nyingi: baba anawahi kazini, mama anawahi sokoni. Mpaka nilipoolewa Sumbawanga mjini sikujua kwamba neno hilohilo linaweza kumfanya mwanamume mzima ashindwe kumtazama mke wake asubuhi.

Mume wangu ni fundi seremala. Karakana yake ya mabati ilikuwa Izia, pale nyumba zinapokwisha na mashamba ya mahindi yanapoanza, na kazi yake kubwa ilikuwa vitanda. Ilikuwa miaka ile biashara huria iliporuhusiwa. Malori yalianza kuleta magodoro ya sponji kutoka Mbeya, na kila aliyepata godoro alitaka kitanda cha kuliweka. Wateja walipenda kumtania.

"Fundi, hiki kitahimili kweli?"

"Kitanda kitahimili," alijibu. "Sijui wewe."

Wakicheka, naye alicheka. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nikisahihisha madaftari nilijua kicheko kile kilikuwa kinamgharimu nini.

Kitanda chetu alikitengeneza kwa mninga, viungo vimeingiliana bila msumari hata mmoja, ili kisipige kelele. Kilikuwa kitanda kizuri kuliko vyote alivyowahi kuuza. Na juu ya kitanda hicho ndipo shida yetu ilipokaa.

Niieleze taratibu, kwa sababu mambo haya watu huyazunguka mpaka msikilizaji anaondoka na maana yake mwenyewe. Mume wangu hakuwa amepungukiwa nguvu. Hakuwa tasa, tulikuwa tayari na binti. Hakuwa amenichoka. Ilikuwa hivi tu: mwili wake ulifika kabla yake. Alikuwa hajaanza vizuri na tayari amemaliza, na hakuna alichoweza kufanya kuuzuia. Kisha alinigeuzia mgongo, si kwa hasira, kwa aibu. Kukipambazuka alikwenda karakana bila kunywa chai, nami nilisikia msasa ukisugua mbao ambazo nilijua zilikuwa laini tangu jana yake.

Mwanzoni nilidhani ndivyo ndoa zilivyo. Baadaye nilidhani kosa ni langu. Yeye alidhani amerogwa, kisha akadhani ni baiskeli, kisha akadhani ni ugali wa ulezi, akaanza kula wali. Kila mmoja alikuwa na mawazo yake na hatukuwahi kuyaleta mezani.

Zama zile maduka ya dawa baridi yalikuwa yameota kila kona ya mji, na pale stendi kulikuwa na mtu mwenye kipaza sauti aliyeuza dawa za kila kitu, kuanzia minyoo hadi mapenzi. Fundi alirudi siku moja na kikopo cha mafuta ya kupaka. Hakusema yanafanya nini. Tulipoyajaribu tuligundua: yanatia ganzi. Tatizo ni kwamba hayakuchagua.

Tulilala chali tukitazama dari.

"Mwalimu," akasema, maana hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, "wewe unasikiaje?"

"Kama nimetoka kung'olewa jino," nikamjibu.

Nikahisi kitanda kinatikisika. Alikuwa anacheka. Tukacheka wote wawili mpaka mtoto akaamka. Ilikuwa mara ya kwanza shida ile kuwa yetu, si yake.

Nadhani ni kicheko kile kilichompa moyo. Karibu na soko alikuwepo daktari mstaafu wa serikali aliyefungua zahanati yake baada ya watu binafsi kuruhusiwa kutibu. Fundi alikwenda peke yake kwanza. Alirudi akaendelea kupiga randa, na bila kuinua uso akaniambia, "Amesema niende na mwenzangu."

Tulikwenda mchana, saa ambayo wagonjwa wengi wameshaondoka. Daktari alikuwa mzee mwenye sweta, maana Sumbawanga baridi haina mapumziko, na alizungumza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali anapopajua vizuri. Alisema wanaume wenye shida hiyo ni wengi kuliko wanavyofikiri, ila kila mmoja anadhani yuko peke yake. Alitufundisha mambo ya kufanya pamoja, namna ya kusimama na kungoja na kuanza tena, na jinsi ya kuambizana. Kisha akaandika dawa.

"Sasa sikilizeni vizuri," alisema. "Dawa hii haikutengenezwa kwa ajili yenu. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye huzuni kubwa, ile inayomkalia mtu mpaka anaacha kula. Lakini waliopewa walionekana na jambo jingine: wanaume waliokuwa wanawahi, wakaacha kuwahi. Ndiyo maana na sisi tunaitumia."

"Kwa hiyo nitakuwa na huzuni?" Fundi aliuliza.

"Unayo tayari, fundi. Hii itakukausha mdomo na pengine itakupa kizunguzungu. Usiichanganye na pombe. Usimgawie mtu. Na ukitaka kuacha, usiache ghafla, njoo tupunguze polepole."

Vilikuwa vidonge vidogo vya mviringo, njano iliyopauka. Kwa wiki za mwanzo hakukuwa na cha kuona isipokuwa midomo mikavu. Kisha mambo yakabadilika. Sitaeleza zaidi ya hapa: mume wangu alianza kunywa chai nyumbani. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akashika kikombe kwa mikono miwili, akanisimulia habari za mbao. Miezi ile ndiyo ninayoikumbuka nikiikumbuka ndoa yangu. Sikujua kwamba ni ya kuhesabika.

Mvua zilipokaribia kwisha tulikwenda Mwazye kuwasaidia wa nyumbani kulima. Baba alikuwa ameshafariki. Palikuwa na mama na kaka yangu aliyerithi shamba. Kwa asiyejua kilimo chetu cha zamani, hatulimi kwa matuta marefu kama wanavyolima wafugaji waliokuja na majembe ya ng'ombe. Tunaligeuza jani likiwa bichi, tunalirundika katika vichuguu vya mviringo na kulifunika kwa udongo, lioze humo, liwe mbolea. Ni kazi ya mgongo, na mkwe anayekuja kuifanya anatazamwa na kijiji kizima.

Fundi alitundika koti lake kwenye uzio na kuingia shambani. Alilima kama mtu anayedaiwa. Kaka yangu alisimama, akaegemea jembe, akapaza sauti ili wote wasikie.

"Jamani, tazameni mkwe! Shemeji, wewe unamaliza mapema namna hii?"

Watu wakashangilia. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Mimi niliinama haraka kuokota jani ambalo halikuwepo, na nilipoinua macho nikakutana na ya fundi. Alikuwa amekaza midomo isicheke. Dakika moja baadaye jua na dawa vilimshinda, akayumba, akakaa chini juu ya kichuguu alichokuwa amekimaliza.

Mama alimwona kutoka uani. Akafikiri ni homa, akachukua koti kwenye uzio ili mkwe apelekewe ajifunike. Bahasha ya vidonge ikadondoka.

Hapa lazima nimlete mjomba. Mdogo wake mama, nikiwa binti mdogo, aliacha kusema. Alikaa ameegemea ukuta siku nzima, chakula mbele yake kikipoa. Mwisho akatembea kuelekea porini akapotea, na wachungaji wa Kisukuma ndio waliomkuta na kumrudisha, mikono imefungwa kamba asikimbie tena. Hospitali walimpa vidonge. Mama ndiye aliyemnywesha, kimoja kimoja, kwa muda mrefu. Mjomba alipata nafuu, akalima, akaimba kanisani. Jina la kichaa halikupata nafuu. Alizikwa nalo.

Kwa hiyo mama hakuhitaji kusomewa bahasha. Alivimwaga kiganjani, akavitazama, akavijua.

Alasiri tuliitwa ndani. Kaka alikaa kwenye kiti cha baba. Mama alikaa karibu na mlango, amejigeuza ubavu, kanga imefunika nusu ya uso, kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani, wala neno la chumbani halipiti kati yao hata kwa bahati mbaya. Mtoto wetu alikuwa amelala mapajani mwake.

"Shemeji," kaka akaanza, "tumekuita kwa heshima tu. Hizi dawa ni zako?"

Fundi aliitazama bahasha.

"Mwulize," mama akasema akitazama ukuta, "kama kwao kuna mtu aliyewahi kufungwa kamba."

"Mama anauliza kama..."

"Nimemsikia. Kwetu hakuna."

"Basi zinatibu nini?"

Nilimwona fundi anafuta viganja vyake kwenye suruali, ingawa alikuwa ameshanawa. Nilimwona anameza mate ambayo hakuwa nayo. Nje watu walikuwa wamefika kwenye pombe, tulisikia vicheko vyao. Mama akamvuta mtoto karibu zaidi.

"Mwanangu harudi mjini na mtu wa kamba," akasema, polepole, kama anayetoa pole. "Na huyu mtoto atabaki hapa."

"Ni zangu mimi," nikasema.

Hata mimi nilishtuka kuisikia sauti yangu. Mama aligeuka mzima mzima, kanga ikamwanguka.

"Zako?"

"Zangu, mama. Yeye alinibebea tu."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipojifungua."

Aliinyoosha mikono yake yenye udongo, akanishika mashavu kama anayekagua kama bado nimo. Kaka akasema, "Pole, dada," na kumwomba shemeji radhi. Tulirudi mjini na mtoto wetu, na bahasha ya vidonge. Kwenye gari nilijiona nimeshinda. Nilikuwa nimemwokoa mume wangu, tena kwa maneno matatu.

Fundi hakuniambia ahsante wala lawama. Tulipofika nyumbani alivitupa vidonge vyote chooni. Nilimkumbusha maneno ya daktari.

"Sitameza kitu ambacho aibu yake umeibeba wewe," akasema.

Kwa kuviacha ghafla aliumwa kweli, kichwa kizito na hasira za bure kwa siku kadhaa. Akapona. Kisha yale ya zamani yakarudi, na msasa ukaanza tena kusikika alfajiri. Nilimsihi twende kwa daktari. Alisema tutakwenda. Hatukwenda.

Na mimi nikaanza kuishi na dawa ambazo sijawahi kuzimeza. Kila nilipokwenda Mwazye, kabla hata ya kuitikia shikamoo yangu, mama aliuliza, "Umekunywa dawa zako?"

"Nimekunywa, mama."

Akinisikia hivyo uso wake ulitulia. Alianza kuzungumza nami taratibu, neno baada ya neno, jinsi ninavyozungumza mimi na watoto wapya wanaolia mlangoni mwa darasa. Nilipojifungua mara ya pili alikuja Izia, akakaa mpaka mtoto akaanza kukaa, wala hakuniacha naye peke yangu hata nikienda kumwogesha. Kwenye harusi za ukoo sikupewa kisu cha kukatia nyama. Katika vikao vya ukoo waliniweka karibu na mlango, wakaniuliza kama nasikia baridi. Nilifikiri mara nyingi kumwambia mama ukweli. Lakini nilifikiri pia uso wake akiambiwa kwamba mkwewe, ambaye hajawahi kumtazama machoni, anawahi kitandani. Nikasema nitamwambia mwakani. Mwaka uliofuata nikasema hivyo tena.

Siku moja ya kiangazi, upepo ukivuma ule wa kukata masikio, nilikuwa sokoni Sumbawanga. Mwanamke wa Mwazye aliyekuwa akiuza maharage alinisalimia kwa huzuni.

"Pole sana, mwalimu."

"Pole ya nini?"

Akaliweka debe chini. Akatazama kulia na kushoto kama anayetafuta mtu wa kumsaidia.

"Hawakukwambia? Mama yako tumeshamzika."

Fundi alifunga karakana, tukapanda pikapu ya mizigo. Kaka alinipokea kwa mikono miwili, macho yake mekundu, akanikalisha, akaniletea maji kwanza kama mtu wa kuogopwa.

"Usinichukie, dada. Mama mwenyewe alikataza. Aliumwa muda mrefu, kila tukitaka kukuita anasema msimwite, atarudiwa na ugonjwa wake. Hata siku ya mwisho alisema hivyo. Msimwite mwanangu, atarudiwa."

Kaburi lilikuwa bado bichi. Udongo wake ulikuwa umerundikwa mviringo, kama tunavyorundika shambani. Nilikaa hapo, fundi akakaa kando yangu. Kisha akasema neno ambalo alikuwa amelitunza miaka yote ile.

"Mwalimu, siku ile nilikuwa nimeshafungua mdomo."

Sikuelewa mara moja.

"Siku ya koti. Nilikuwa nimeamua kusema. Nilikuwa nimepanga hata maneno, nimtoe shemeji nje nimwambie yeye, naye atafute namna ya kumwambia mama. Nikafungua mdomo. Ukawahi wewe."

Hakusema kwa kunilaumu. Lakini nimelala na neno hilo tangu siku ile. Mimi ninayewaambia watoto kila siku, ngoja mwenzako amalize kusema, sikumngoja mume wangu pumzi moja. Nilimwona kama mtu aliyeshindwa kwa sababu nilikuwa nimezoea kumwona ameshindwa. Nikamfunika. Na kilichofunikwa kikaoza humo kwa miaka, na hakikuwa mbolea.

Nikiwa bado pale kaburini, fundi aliinuka akamwita kaka, wakaenda mpaka mwisho wa shamba. Sikusikia waliyosema. Niliona tu mume wangu akizungumza ametazama chini, mikono ikisaidia, kama anavyoeleza kiungo cha kitanda. Niliona kaka anajipiga paja kwa kiganja, mara moja, kisha anachuchumaa na kushika kichwa.

Kaka alirudi peke yake, akasimama mbele yangu.

"Ungesema tu," akasema.

"Ningeanzia wapi, kaka? Na mama pale mlangoni?"

Alifikiri. "Ni kweli. Na mimi ndiye niliyekuwa nauliza." Akachimba udongo kwa kidole cha mguu. "Huyo daktari... bado yupo?"

"Amezeeka, ila yupo."

"Na dawa anatoa kwa mtu yeyote?"

Nilimtazama kaka yangu, aliyekaa kwenye kiti cha baba siku ile na kuuliza zinatibu nini. Hakuinua macho. Basi nikamweleza kama nilivyoelezwa: kwamba ni ugonjwa wa kawaida, kwamba dawa si ya wazimu, ila huzuni na wazimu na hili vinagawana kabati moja hospitalini, kwamba daktari ndiye apime na kuchagua, asinunue dukani kwa kusikia, asichanganye na pombe, asiache ghafla. Na aende na mke wake. Hapo akakunja uso.

"Na yeye?"

"Na yeye. Hiyo ndiyo nusu ya dawa."

Fundi naye alirudi kwa daktari baada ya msiba ule, tukaanza upya, safari hii tukipunguza vidonge polepole kama tulivyoelekezwa. Si vibaya. Mtu hajachelewa kuanza, na ninamwambia hivyo kila anayeniuliza. Ila mama ndiye aliyechelewa kuambiwa, na kwa hilo hakuna daktari.

Lakini kabla ya hayo, siku ya kuondoka Mwazye, pikapu ilikuwa imejaa: magunia ya ulezi, wanawake wawili na mafiga ya chuma, mfugaji mmoja mwenye fimbo na redio. Fundi alikuwa ameshapanda nyuma. Kaka alinisaidia kupandisha mguu, akanifunga kanga vizuri mabegani kwa sababu ya upepo, na kwa mazoea, kama alivyozoea mama, akasema:

"Unakunywa dawa zako, lakini?"

Akaziba mdomo kwa mkono. Watu wote kwenye gari walinigeukia.

"Ni zangu mimi, shemeji," fundi akasema kutoka juu ya magunia. Alisema kwa sauti, na masikio yake yalikuwa yamepiga wekundu wa upepo au wa kitu kingine. "Zilikuwa zangu tangu mwanzo. Zilikuwa za..."

Nilikuwa na la kumsaidia, lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza, nikashika ukingo wa gari, nikamwacha amalize.